Usimwitikie Mwenzako Jina

Tafakari ya wiki. Masomo: Luka 15:3–7 na Matendo ya Mitume 27:37–44



Alhamisi iliyopita, saa mbili na nusu usiku, mlinzi wetu aliigonga ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi nje ya bweni la wasichana. Aligonga mfululizo, bila kupumzika, kama tulivyokubaliana. Moto haukuwepo. Lilikuwa zoezi la kutoka bwenini wakati wa hatari, la kwanza tangu nihamie chuo hiki cha ualimu. Mkuu wa Chuo alikuwa amenipa kazi moja: nisimame uwanja wa netiboli, ambako ndiko mahali petu pa kukusanyika, nikiwa na tochi na daftari la majina, nihesabu watu.

Daftari lina majina 118. Walishuka ngazi kwa vishindo, wengine wamejifunga khanga, mmoja ana ndala mguu wa kushoto tu, wawili wamekumbatia kompyuta zao, na mmoja ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti vyake vya kidato cha nne. Wakajipanga kwa vyumba. Huku kwetu nyanda za juu baridi ya usiku ni kali, kwa hiyo niliyaita majina haraka haraka. "Nipo." "Nipo." "Yupo." Nilipofika mwisho nilikuwa nimetia alama ya vema mbele ya majina yote 118. Nikamgeukia Mkuu wa Chuo nikamwambia, "Wote wametoka, mama."

Hapo ndipo dirisha la ghorofa ya juu lilipofunguliwa. Msichana wa mwaka wa pili, aliyevunjika mguu mwezi uliopita na bado amefungwa hogo, alichungulia chini akasema kwa upole, "Shikamoo Mchungaji. Mimi nishukeje?"

Nilimulika daftari. Jina lake lilikuwa na alama ya vema sawa na mengine, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mtu alikuwa amemwitikia.

Aliyeitikia alinijia kesho yake asubuhi baada ya ibada, macho yamevimba. Ameniruhusu niandike habari hii bila kumtaja. Alisema alijua mwenzake hawezi kushuka upesi, akaogopa asije akaandikwa kuwa amekaidi zoezi, akaona amfichie aibu. Namwamini. Nimemfahamu binti huyu kwa mwaka mzima; ndiye anayembebea rafiki yake sahani ya chakula kutoka bwaloni tangu avunjike mguu. Alifanya kwa upendo. Na kama moshi ungekuwa wa kweli, upendo ule ungemwacha rafiki yake peke yake ghorofani, huku sisi sote tukishukuru Mungu uwanjani kwamba tumepona.

Tusijifanye hatujui tabia hii imetoka wapi. Ni ile ya darasani. Karatasi ya mahudhurio inapita, mmoja anasaini kwa ajili ya wawili, na aliyelala bwenini anahesabiwa kuwa alihudhuria somo. Nimewasikia wanachuo wakiuita huo undugu. Darasani hasara yake ni alama chache na dhamiri kidogo. Uwanja wa netiboli ni jambo jingine kabisa. Askari wa zimamoto akishuka kwenye gari, swali lake la kwanza ni kama kuna mtu ndani. Jibu analopewa hapo ndilo linaloamua aelekeze watu wake wapi: wapande ghorofani kwenye moshi, au wabaki nje wamwage maji. Nami Alhamisi, nikiwa na daftari mkononi na kola ya uchungaji shingoni, ningemjibu kwamba hakuna mtu.

Tangu siku ile sijaweza kuisoma Luka 15 kama nilivyozoea. Kwa miaka mingi nimehubiri safari ya yule mchungaji porini, miiba, giza, kondoo mabegani na furaha ya kurudi nyumbani. Sikuwahi kusimama kwenye jambo lililotangulia yote hayo, kwamba alihesabu. Mtu aliyewahi kuchunga anajua kwamba kundi la 99 na kundi la 100 halitofautiki kwa macho. Vumbi ni lile lile, kelele ni zile zile. Kondoo mmoja haonekani kuwa amepungua mpaka mtu asimame mlangoni pa zizi, awapitishe mmoja mmoja, akose mmoja. Yule mchungaji angetosheka na kuangalia kundi na kusema "naona wote wapo", asingekuwepo wa kumfuata. Pale kwenye zizi, wakati wa kuhesabu, ndipo alipoanza kumwokoa yule mmoja.

Septemba 2024 tuliyaona haya kwa majirani zetu. Usiku wa tarehe 5 moto uliteketeza bweni la wavulana katika Shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya. Watoto 21 walikufa. Kesho yake Rigathi Gachagua, aliyekuwa Naibu Rais wa Kenya wakati huo, alitangaza kwamba watoto 70 walikuwa bado hawajajulikana walipo. Alieleza kwamba hakuwa na maana kuwa wamekufa. Maana yake ni kwamba hawajahesabiwa. Wengi wao walikuwa hai. Walikimbilia nyumba za jirani gizani, na wengine walichukuliwa na wazazi wao bila kuandikwa popote. Lakini fikirini saa zile. Mzazi amesimama nje ya uzio wa shule, mtoto wake labda amelala salama kwa jirani, labda ni miongoni mwa wale waliobaki ndani, na hapana mtu mwenye karatasi awezaye kumwambia. Kuhesabu ni huruma kwa walio hai pia.

Kuna jambo la pili tulilojifunza Alhamisi, nalo ni langu na watumishi wenzangu zaidi kuliko la wanachuo.

Bweni lile lina milango miwili. Wa mbele ulikuwa wazi. Wa nyuma ulikuwa na kufuli, tena kwa nje. Wasichana wa vyumba vya nyuma walikimbilia mlango ulio karibu nao, kama mtu yeyote angefanya, wakausukuma, ukagoma. Waliokuwa nyuma wakawasukuma waliokuwa mbele. Ilibidi wageuke na kulirudia korido lote gizani, maana fundi alikuwa ameshazima meni swichi kama inavyotakiwa. Mlinzi alipoulizwa ufunguo, alisema anao matroni. Matroni akasema ameuacha ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa.

Sitaki kumwonea mtu. Matroni wetu hakufunga kwa ubaya. Alifunga kwa sababu vibaka waliwahi kuingia kwa mlango ule wakaiba simu, na kwa sababu wazazi wametukabidhi mabinti zao, na akitoka mmoja usiku akapata madhara atakayeulizwa ni yeye. Hofu yake ina msingi. Lakini wapendwa, tunajua kufuli la namna hii limefanya nini katika nchi zetu. Machi 1998, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, wasichana 26 waliungua bwenini, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Miaka 3 baadaye, mwezi huo huo wa Machi, wavulana 67 walikufa kwa moto katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kati ya misiba hiyo miwili watu walilia, wakazika, wakahubiriwa, na makufuli yakaendelea kufungwa.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Nimeusoma wiki hii ukurasa kwa ukurasa, nikiwa na futi ya fundi seremala mkononi, nikilipima bweni letu. Mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi 5 na ufunguke kuelekea nje, kwa sababu watu wakisongamana mlango wa kuvutwa ndani haufunguki. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda pabaki mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Na mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Mwongozo ule haututawali sisi wa Tanzania, lakini pafu la mtoto wa Mbeya na la mtoto wa Nyeri halitofautiani mbele ya moshi. Kati ya vitanda vyetu nilipata sentimita 70.

Wapo watakaosema mambo ya futi na milango si ya mimbarani. Nawaomba wafungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Hapo, katikati ya sheria takatifu, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukuta kuzunguka paa lake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ni kanuni ya ujenzi. Haimngoji mtu aanguke kwanza. Na haimwulizi mwenye nyumba kama alikusudia mabaya. Inamwuliza kama alijenga ukuta. Kwa Andiko hilo nasema bila kuzungusha maneno: kumfungia mtu aliyelala, kwa kufuli ambalo yeye hawezi kulifungua, ni dhambi. Sisi viongozi wa chuo tumeitenda kwa miaka, nami niliyepita mbele ya mlango ule kila Jumatano nikienda kwenye kipindi cha maombi nimo.

Somo letu la pili linanigusa hapo hapo. Mtume Paulo yuko kwenye meli inayovunjika. Luka anatupa idadi ya watu waliomo kabla meli haijapasuka: 276. Wamehesabiwa usiku, wakala, wakapunguza mzigo kwa kuitupa nafaka baharini. Mabaharia walitaka kujishushia mashua watoroke na kuwaacha abiria, wakazuiwa. Kisha, meli ilipokwama, askari wakashauriana wawaue wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka. Hapo huwa nasimama. Askari wale hawakuwa na chuki. Walikuwa na dhamana. Mfungwa akitoroka, wao wataulizwa. Wakaona afadhali afe kuliko atoroke. Hakuna matroni wala mkuu wa shule aliyewahi kusema maneno hayo, na kwa hakika wa kwetu hawezi hata kuyawaza. Ila kufuli la nje na nondo za dirishani husema hivyo kwa niaba yetu, kila usiku, tukiwa tumelala.

Akida aliwakataza. Kisha akatoa amri ambayo naiona kuwa ni utaratibu kamili wa kuokoa watu: wawezao kuogelea watangulie, wengine wafuate, huyu juu ya ubao, yule juu ya kipande cha meli. Hakusema kila mtu ajiokoe. Alijua si wote wanaogelea. Wote wakafika pwani salama.

Kwa hiyo binti yetu mwenye hogo alikuwa na haki ya kuuliza atashukaje. Tulikuwa hatujamtafutia ubao. Sasa amehamishiwa chumba cha chini, na wenzake wawili wamejitolea kumtoa kwa kiti, mmoja huku na mmoja huku. Tumewaona wakijaribu, inawezekana. Wakati wa zoezi tuligundua pia kwamba yuko mwanachuo asiyesikia vizuri, ambaye aliamshwa na mtikisiko wa kitanda tu. Jirani yake wa kitanda amekabidhiwa kumgusa bega kabla hajatoka. Majina yao yamewekewa alama daftarini, ili mwenye kuhesabu aanze na hao.

Na ni lazima tuzoee, kwa sababu hofu peke yake inaua. Aprili 2015, siku 10 baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Walikanyagana, wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 waliumia. Hapakuwa na mshambuliaji. Ndiyo maana sitakubali zoezi letu lifanywe kwa kushtukiza kabisa, wala kwa kumpigia mtu kelele za uongo za "moto!" Siku ya zoezi itatangazwa kanisani na msikitini, ili atakayesikia rimu atoke kwa miguu yake, asitoke kwa dirisha.

Nirudi kwenye ile bahasha ya kaki. Najua thamani ya cheti. Najua mama aliyeuza mahindi kwa miaka 4 ili kipatikane. Lakini Bwana wetu alipozungumzia siku ya hatari alimwambia aliye darini asishuke kuchukua kitu nyumbani mwake, na mwenye cheti naye ni yule aliye darini. Baraza la Mitihani hutunza kumbukumbu za matokeo. Hakuna ofisi inayotunza nakala yako wewe. Toka mikono mitupu. Ukikuta moshi, inama, tambaa, maana hewa iliyo chini ndiyo inayofaa, na moshi wa godoro la sponji unalewesha mtu kabla hajauona moto wenyewe. Gusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuufungua. Ukiwa wa moto, tafuta njia nyingine. Urudishie mlango unapotoka, usiufunge kwa ufunguo. Na ukishatoka, usirudi ndani hata kwa ajili ya dada yako: mwambie mwenye daftari jina na namba ya chumba, naye atawaambia Zimamoto. Namba yao ni 114.

Watumishi nao wasinune. Mhasibu alirudi kufunga sanduku la fedha Alhamisi. Nimemwambia, na amekubali, kwamba asirudie. Mitungi yetu ya kuzimia moto, mitatu, ilikuwa imefungiwa stoo isiibiwe, nasi walimu wote wanane tuliokuwepo tulipoulizwa nani aliwahi kuvuta ile pini, hatukunyoosha mkono.

Nimalizie na jambo linalotokea vyumbani usiku. Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 waliteketea, na chanzo kilitajwa kuwa mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Alitaka kufaulu. Miaka 15 kabla yake, mwaka 1994, shule ya Shauritanga kule Kilimanjaro ilizika wasichana zaidi ya 40 walioteketea bwenini. Juzi nilipokagua vyumba na matroni, tulikuta soketi moja imebebeshwa hita ya ndoo, pasi na chaja nne, waya umepitishwa chini ya godoro, na chandarua kinaning'inia juu yake. Siwagombezi kwa kutaka maji ya moto katika baridi hii. Nimeomba jikoni wawe na pipa la maji ya moto kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na wamekubali kuanza Jumatatu. Zileteni hita kwa matroni, hazitataifishwa. Mtarudishiwa mkifunga chuo.

Kufuli la mlango wa nyuma limeondolewa Ijumaa. Fundi ameweka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na mlinzi atalala upande ule. Nondo za madirisha bado zipo; bodi ya chuo inakutana mwisho wa mwezi, na nimeomba nafasi ya kusema mbele yao. Wazazi mnaosoma tafakari hii, tusaidieni kuzidai zitoke, kama mnavyotudai matokeo.

Zoezi la pili ni Alhamisi ijayo usiku. Nitakuwa pale pale uwanjani na daftari lile lile. Nikiita jina lako, itika wewe mwenyewe kwa sauti. Nikiita la mwenzako pakawa kimya, acheni pawe kimya, ili tujue nani wa kumtafuta.